Udongo wenye risasi: kuuondoa, kuufunika, kuutibu au kuuachia mimea?

Mwezi Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa madhara yaliyosababishwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari jirani na nyumba zao, kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Kesi hiyo, iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, ilipita katika ngazi ya rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Hukumu ya 2020 ilibeba pia amri ya kusafisha mazingira ya mtaa ule, udongo ukiwemo. Makala haya yanahusu amri hiyo: udongo uliojaa risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo ndani ya betri za magari, husafishwa kwa njia ipi, na mwenye nyumba, mwalimu mkuu, mkulima wa bustani au ofisa wa kaunti atachagua vipi kati ya njia zilizopo?

Tofauti na mafuta yaliyomwagika, ambayo vijidudu vya udongo huyala polepole mpaka yakaisha, risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki haziozi wala haziungui zikatoweka. Kwa hiyo kila njia inayouzwa kwa jina la usafishaji hufanya moja kati ya mambo manne: huipeleka metali mahali pengine, huweka kizuizi kati yake na watu, huibadilisha umbo la kikemia ili isiyeyuke kwa urahisi, au huitegemea mimea iivute au iishikilie. Msimamo wangu ni kwamba uchaguzi huu usianze na swali la njia ipi ni nafuu au ya kisasa, bali na swali la jinsi metali ile inavyomfikia mtu. Penye risasi kwenye uwanja wanaochezea watoto, chaguo la kweli ni kuondoa au kufunika. Penye shamba la mboga lenye uchafuzi wa wastani, kutibu udongo na kubadilisha mazao kunaweza kutosha. Mimea ya kuvuta metali, ambayo husifiwa kuliko zote, kwa risasi haifai.

Mambo mawili hutangulia njia yoyote. La kwanza ni kukomesha chanzo, kwa kuwa uwanja uliobadilishwa udongo leo utachafuka tena iwapo vumbi la kiwanda bado limelala juu ya mabati na kushuka na kila mvua, au iwapo jirani bado anavunja betri kwa nyundo uani mwake. La pili ni kupima, na kupima kwenyewe hufuata njia ya kuingia mwilini. Mtoto mdogo hula risasi kwa mikono na vumbi, kwa hiyo sampuli ya uwanja huchukuliwa kwenye sentimita mbili au tatu za juu. Mizizi ya mchicha hushuka zaidi, kwa hiyo sampuli ya bustani huchukuliwa hadi sentimita 20. Anayechanganya udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka uwanja wa shule atapata wastani unaopendeza, huku tabaka la juu ambalo watoto hulishika kila siku likiwa limefichwa ndani ya wastani huo. Kifaa cha mkono cha eksirei hutoa jibu papo hapo na hufaa kuchora ramani ya eneo, kisha sampuli chache hupelekwa maabara kuthibitisha. Kuhusu kiwango cha kuanzia hatua, Shirika la Mazingira la Marekani kwa miaka mingi lilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi, na mwaka 2024 likashusha kiwango hicho cha uchunguzi hadi 200. Kushushwa huko kuna sababu: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kuondoa na kufunika

Mfano unaoonyesha vizuri nguvu ya kuondoa udongo ni wa jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria. Mwaka 2010 Madaktari Wasio na Mipaka waligundua watoto wakifa kwa wingi katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mwamba wenye dhahabu ulikuwa pia na risasi nyingi, nao ulisagwa ndani ya nyua za nyumba. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Madaktari walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini walisisitiza kwamba kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye ua uleule ni kazi bure. Katika kijiji cha Bagega matibabu yalisubiri mpaka usafishaji ulipoanza mwaka 2013. Kazi ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa vijiji hivyo wenyewe, kwa majembe na magunia: tabaka la juu lililochafuka likakwanguliwa na kuzikwa kwenye mashimo maalumu, na udongo safi ukaletwa kutoka mahali pengine na kushindiliwa juu. Hapakuhitajika teknolojia kubwa. Kilichohitajika ni fedha, usimamizi, na kuikamilisha kazi nyumba kwa nyumba bila kuruka.

Ubora wa njia hii ni kwamba matokeo yake huonekana siku ileile, na hupimika. Udhaifu wake ni uzito. Chukua kiwanja cha mita za mraba 300. Ukikwangua sentimita 10 tu unapata mita za ujazo 30, yaani takriban tani 39, ambazo ni safari mbili za lori la tani 20. Kwa nyumba moja jambo hilo linawezekana. Kwa hekta nzima iliyochimbwa sentimita 20, hesabu inafika tani 2,600, yaani safari 130 za lori, na kila safari inahitaji udongo safi wa kurudishia ambao nao umechimbwa mahali fulani na sharti upimwe kabla ya kumwagwa. Kisha huja swali linalokwamisha miradi mingi: udongo uliotolewa unapelekwa wapi? Kuumwaga kwenye jaa la kawaida la taka ni kuwahamishia risasi waokota taka na watoto wao. Shimo la kuuzika linapaswa kuwa na sakafu ya plastiki nene au mfinyanzi ulioshindiliwa, liwe mbali na visima na juu ya kiwango cha maji ya ardhini, na lifunikwe. Gharama ya shimo hilo isipokuwa kwenye bajeti tangu mwanzo, mradi huo haujapangwa.

Uchimbaji wenyewe una hatari yake. Udongo mkavu unaochimbwa hutoa vumbi, na siku chache za vumbi zinaweza kumpa mtoto risasi nyingi kuliko miezi ya kucheza uwanjani. Ndiyo maana udongo hunyeshewa maji kabla ya kuguswa, malori hufunikwa turubai, watoto huhamishwa kwa muda, na vibarua hupewa barakoa zinazochuja vumbi laini na mahali pa kuoga na kubadilisha nguo ili wasirudi na vumbi lile nyumbani. Mkandarasi asiyeeleza mambo haya kwenye maombi yake ya zabuni asipewe kazi, hata bei yake iwe ya chini namna gani.

Kufunika hukwepa sehemu kubwa ya matatizo hayo. Metali hubaki ilipo. Juu yake hutandikwa kitambaa cha kutenganisha au wavu wa rangi kali, kisha udongo safi. Mwongozo wa Marekani kuhusu makazi yenye risasi unataka udongo safi wa sentimita 30 kwa uwanja wa kawaida na sentimita 60 panapolimwa mboga. Wavu ule wa rangi una kazi muhimu sana: atakayechimba miaka kumi baadaye akiuona ajue amefika mwisho wa udongo salama. Penye nafasi finyu na miguu mingi, kama vichochoro vya mitaa yetu na mbele ya madarasa, zege au vitofali vya kabro hufunika vizuri kuliko udongo, kwa kuwa havichakurwi na kuku wala havibebwi na mvua za masika.

Kwa gharama kufunika hushinda, hasa kwa sababu hakuna tani za udongo wenye sumu za kusafirisha na kuzika. Lakini kuondoa hushinda kwa uhakika wa baadaye. Kifuniko ni ahadi inayopaswa kutunzwa: mtu atachimba choo, atapanda mwembe, ataongeza chumba cha kupangisha, na msingi wa chumba hicho utauleta juu udongo uliokuwa umezikwa. Katika mitaa isiyo na hati za ardhi, ambako nyumba hujengwa na kubomolewa bila kibali, nisingekitegemea kifuniko cha udongo pekee mahali ambapo vipimo vinafika maelfu ya miligramu kwa kilo. Hapo ningeondoa sehemu zenye viwango vya juu kabisa, ambazo kwa kawaida ni chache na zimekusanyika karibu na chanzo, kisha ningefunika zilizobaki. Zamfara nako mbinu hizi mbili zilitumika pamoja, ukali wa hatua ukifuata kiwango cha uchafuzi, na kwa maoni yangu ndio mpango wa kuigwa kwa Owino Uhuru na mitaa inayofanana nao.

Kuutibu udongo

Njia ya tatu huiacha metali ndani ya udongo lakini huifanya isiyeyuke kwa wepesi, kwa kuongeza chokaa, fosfeti, mboji, samadi, au mkaa laini uliochomwa kutokana na mabaki ya mazao. Mkulima huipenda kwa kuwa vifaa vyake anavijua. Ndiyo njia inayohitaji maarifa mengi kuliko zote, kwa sababu dawa inayofunga metali moja huweza kuifungulia nyingine.

Chokaa hupunguza uchachu wa udongo. Udongo ukifikishwa karibu na pH 6.5 au 7 (kipimo ambacho hupanda uchachu unapopungua), kadimiamu, zinki, shaba, nikeli na risasi hushikwa zaidi na chembe za udongo, na mimea huzipata kwa shida. Katika udongo mwekundu wenye uchachu wa nyanda za juu, hatua hii pekee inaweza kuleta mabadiliko makubwa, tena huongeza mavuno. Katika maeneo ya pwani yenye mawe ya matumbawe, udongo tayari una chokaa ya kutosha na kuongeza nyingine hakusaidii kitu. Penye aseniki, chokaa inaweza kudhuru, kwa kuwa aseniki huelekea kuachiliwa pale pH inapopanda.

Fosfeti ina sifa ya pekee kwa risasi. Ikikutana nayo katika hali inayofaa hutengeneza madini yasiyoyeyuka kwa urahisi, hata ndani ya tumbo, ili risasi aliyoimeza mtoto ipite bila kuingia yote katika damu. Huko Joplin, Missouri, udongo uliochafuliwa na uyeyushaji wa risasi ulitibiwa kwa asidi ya fosfori na kufuatiliwa kwa miaka. Kiasi kilichoweza kuingia mwilini kilipungua, ingawa hakikuisha. Katika kitongoji cha South Prescott, Oakland, California, Shirika la Mazingira la Marekani lilichanganya udongo wa nyua na mifupa ya samaki iliyosagwa, kisha likafunika juu. Habari hiyo huwavutia watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambako mifupa ya samaki ni taka. Nasisitiza neno la mwisho la habari yenyewe: walifunika. Hawakuiacha mifupa ifanye kazi peke yake.

Kiasi kinachohitajika pia hushangaza. Joplin ilitumia fosforasi ya asilimia moja ya uzito wa udongo. Kwa kile kiwanja chetu cha mita za mraba 300, kina cha sentimita 10, hiyo ni kilo 390 za fosforasi tupu. Ukitumia unga wa mwamba wa fosfeti wa Minjingu, Tanzania, wenye fosforasi ya takriban asilimia 13, unahitaji tani tatu kwa uwanja mmoja. Mwamba huo unafaa kwa mashamba katika viwango vya mbolea, lakini una urani ya asili iliyo juu kuliko udongo wa kawaida, na sioni busara kuumwaga kwa tani penye watoto. Fosfeti nyingi ikichukuliwa na mvua hadi kwenye mikoko au ziwa hulisha mwani na gugumaji. Na penye aseniki, fosfeti huisukuma kutoka mahali iliposhikwa na kuipeleka kwenye maji.

Mboji na samadi iliyoiva hazina mashaka mengi kiasi hicho. Hushika sehemu ya metali, huongeza rutuba, hulainisha udongo na, jambo linalosahaulika, huwezesha majani kuota na kuzuia vumbi. Kwa bustani yenye uchafuzi wa wastani ndizo ningezianza, pamoja na chokaa endapo pH iko chini. Lakini matibabu yote ya aina hii sharti yarudiwe na kupimwa upya, kwa kuwa mboji huoza na udongo wenye mvua nyingi hurudia uchachu wake. Upimaji nao una mtego: kipimo cha jumla ya metali hakitabadilika kamwe, maana metali haijatoka. Kinachopaswa kupimwa ni kiasi kinachoyeyuka, au kilichomo ndani ya mboga zenyewe. Anayelipia matibabu ya udongo bila kipimo hicho hana namna ya kujua alichokinunua.

Mimea: kuvuta si sawa na kushikilia

Kuna mimea ambayo kwa asili hukusanya metali. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba aina moja ya kangaga, Pteris vittata, hukusanya aseniki nyingi mno katika majani yake. Ugunduzi wa namna hiyo umezaa matumaini kwamba alizeti au haradali ikipandwa juu ya udongo wenye risasi itausafisha kwa misimu michache. Hesabu rahisi inaonyesha tatizo. Hekta moja yenye tani 2,600 za udongo wa juu na miligramu 1,000 za risasi kwa kilo ina kilo 2,600 za risasi. Tuseme zao limetoa tani 10 za majani makavu kwa mwaka, nayo yana miligramu 100 za risasi kwa kilo, kiwango ambacho ni cha ukarimu kwa kuwa risasi hupanda kwa shida kutoka mizizini. Zao hilo limeondoa kilo moja. Kushuka hadi miligramu 400 kungehitaji miaka zaidi ya 1,500. Baadhi ya watafiti walijaribu kumwaga kemikali za kuyeyusha risasi ili mmea uivute zaidi. Sehemu kubwa ya risasi hiyo ilikuwa katika hatari ya kushuka kwenye maji ya ardhini badala ya kupanda kwenye mmea. Kwa kadimiamu, ambayo mimea huivuta kwa wepesi, hesabu ni ya miongo badala ya karne, na panapokuwa na uvumilivu na ardhi ya ziada inaweza kuzungumzwa. Hata hivyo mazao yaliyovunwa ni taka yenye sumu: hayalishwi mifugo, hayapikiwi kama kuni, wala hayarudishwi kwenye mboji.

Mimea ya kushikilia ni jambo jingine, nami naiheshimu. Lubumbashi, katika Katanga, moshi wa uyeyushaji wa shaba ulioanza mwaka 1911 uliiacha ardhi ya upande upepo unakoelekea, hasa eneo la Penga Penga, ikiwa kavu na tupu. Watafiti wa huko pamoja na wenzao wa Ubelgiji walijaribu kuotesha nyasi za asili zinazostahimili shaba, zikiwemo Microchloa altera, kwa msaada wa chokaa na mbolea za asili. Lengo halikuwa kuitoa shaba. Lilikuwa kuufunika udongo kwa kitu hai kinachojirudishia chenyewe, ili upepo usibebe vumbi na mvua isibebe tope hadi mtoni. Kwa ardhi pana isiyo na makazi, ambayo hakuna bajeti ya kuichimba wala ya kuifunika kwa udongo wa kuletwa, sijaona njia inayoizidi hii.

Ipo pia njia ya kuuosha udongo kwa mitambo, inayotumika Uholanzi na Ujerumani. Hufaa udongo wa kichanga na viwanja vya thamani kubwa; kwa udongo wa mfinyanzi haifanyi kazi vizuri, na sidhani kuna msomaji wa makala haya anayepaswa kuanza nayo.

Kuchagua kulingana na mahali

Uwanja wa shule au ua wa nyumba wenye risasi nyingi: ondoa penye ukali, funika panapobaki, tandika kabro au zege kwenye njia na mbele ya milango. Wakati fedha zinasubiriwa, na kwa kawaida zinasubiriwa sana, yapo ya kufanya leo: kunawa mikono kabla ya kula, kupiga deki kwa maji badala ya kufagia pakavu, kuacha viatu nje, na kupima damu za watoto. Hatua hizi hazisafishi udongo na zisitumiwe na mamlaka yoyote kama kisingizio cha kuuacha.

Bustani ya mboga kandokando ya mto wa mjini, kama zile za bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, au karibu na jaa kama la Dandora, Nairobi: pima udongo, mboga na maji ya kumwagilia, kwa sababu penye maji machafu kuutibu udongo ni kujaza mtungi uliotoboka. Ikiwa maji ni salama na uchafuzi ni wa wastani, tumia mboji na chokaa, kisha badilisha mazao. Mboga za majani kama mchicha na mazao ya mizizi ndiyo yenye hatari zaidi. Nyanya, bamia, biringanya na mahindi hupeleka metali kidogo zaidi kwenye sehemu inayoliwa. Matuta yaliyoinuliwa na kujazwa udongo wa kuletwa ni kifuniko kwa jina jingine, na kwa bustani ndogo mara nyingi ndiyo suluhisho bora.

Maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama yale ya mkoa wa Geita, yana suala lao, kwa kuwa zebaki hugeuka mvuke na haisubiri mtu aguse udongo. Marudio yenye zebaki, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa na kutolewa dhahabu, yasipelekwe kwenye matangi ya sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki, kwa sababu sianidi huiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri kwa urahisi na maji. Hapo kufunika, kuzuia mmomonyoko na kukomesha uchomaji wa zebaki katika nyua hutangulia mengine yote.

Njia yoyote inayoacha metali ardhini, yaani karibu zote isipokuwa kuondoa, inahitaji kumbukumbu iliyoandikwa: ramani ya sehemu zilizofunikwa, kina cha kifuniko, vipimo vya kabla na baada, na tarehe ya kupima tena. Nakala moja ikae kwa serikali ya mtaa au kwa chifu, nyingine kwa mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, na nyingine ishikwe na mwenye kiwanja aikabidhi kwa mnunuzi pamoja na mkataba wa mauzo, ili anayekuja kuchimba msingi au choo ajue asivuke kina kipi.